Ukiombwa Kushiriki Utafiti wa Moyo, Mapafu au ICU: Mbinu za Kuamua Bila Pupa

Upo kwenye benchi la kliniki ya moyo. Muuguzi anakuita pembeni, anakupa karatasi kadhaa, anakuuliza kama ungependa kushiriki utafiti. Au mzazi wako amelazwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, na daktari anahitaji jibu lako kabla saa haijaisha. Wengi husaini palepale kwa kuwa daktari ndiye aliyesema. Wengine hukataa palepale kwa kuwa wamesikia habari za watu kufanyiwa majaribio.

Usisaini kwa heshima, wala usikatae kwa hofu. Utafiti wa tiba unafanyika kila siku katika hospitali za Afrika Mashariki, na huenda siku moja zamu ikawa yako au ya mtu wa nyumbani kwako. Zishike mbinu hizi. Zitakusaidia kabla ya kusaini, na hata zaidi baada ya kusaini.

1. Anza kwa kujua kwamba jibu halijapatikana

Utafiti hufanyika kwa sababu madaktari hawana uhakika. Wangekuwa nao, wangekuandikia dawa hiyo moja kwa moja na usingeona fomu yoyote. Kwa hiyo usiingie ukiamini kwamba tiba mpya lazima iwe bora. Usiingie pia ukiamini kwamba lazima iwe na hatari zaidi.

Chukua mfano wa utafiti wa FEAST, uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Muheza mkoani Tanga, na hospitali kadhaa za Uganda. Watafiti walitaka kujua kama mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, anafaa kuongezewa maji ya mshipani kwa kasi. Karibu kila mtu alidhani jibu ni ndiyo. Matokeo yalitoka mwaka 2011, baada ya zaidi ya watoto 3,100 kushiriki. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliopewa dripu ya kasi walikufa kama 11. Kati ya wasiopewa walikufa kama 7. Tiba iliyoaminiwa ndiyo iliyoongeza vifo.

Tahadhari moja: watoto wa kuharisha sana hawakuwamo katika utafiti huo. Mtoto wako akiharisha na kuishiwa maji, usikatae dripu kwa ajili ya habari hii.

Hata dawa mpya hushindwa na ya zamani. Utafiti wa INVICTUS, uliotoka mwaka 2022, uliwafuata wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wote walikuwa na moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, na mapigo yasiyo na mpangilio. Dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, rivaroxaban, ilipambanishwa na dawa za zamani za jamii ya wafarini. Za zamani zilishinda, na waliozitumia walikufa wachache zaidi.

2. Omba muda, uondoke na fomu

Kama hali si ya dharura, sema hivi: "Naomba niisome nyumbani, nitakujibu kesho kutwa." Mtafiti mzuri atakubali bila kununa. Anayekusukuma usaini kabla hujainuka kwenye kiti amekupa sababu ya kusita.

Ipo fomu ya Kiswahili? Iombe. Husomi vizuri? Omba usomewe neno kwa neno, mbele ya shahidi unayemwamini, ambaye si mfanyakazi wa utafiti. Ukiweka dole gumba, shahidi huyo naye asaini.

Kisha jipime. Mweleze mwenzako nyumbani utafiti huo kwa maneno yako. Ukikwama, hujauelewa. Rudi ukaulize. Kuuliza si ujinga.

3. Hakikisha utafiti una kibali

Kila utafiti wa halali umepitiwa na kamati ya maadili kabla mgonjwa wa kwanza hajaguswa. Jina la kamati, namba ya kibali na simu ya kamati huandikwa kwenye fomu, mara nyingi ukurasa wa mwisho. Zitafute.

Tanzania Bara, kibali cha maadili cha ngazi ya taifa hutoka kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR. Jaribio la dawa linahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zanzibar wana taasisi yao ya utafiti wa afya. Kenya, kamati za maadili husajiliwa na tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na majaribio ya dawa hupita Bodi ya Dawa na Sumu. Uganda, msimamizi ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia.

Jaribio la dawa liwe pia na namba ya usajili. Sajili ya Afrika inaitwa PACTR, na unaweza kuipekua bure kwa simu yako. Ukiambiwa utafiti hauna kibali, au "kibali kinakuja," ondoka.

4. Uliza maswali haya saba

Yaandike kwenye simu au nyuma ya daftari la kliniki. Uliza moja baada ya jingine.

Mnatafuta jibu la swali gani?

Nisiposhiriki, nitapata matibabu gani?

Nikishiriki, kitu gani kitazidi au kupungua katika matibabu yangu? Hapa uliza sindano ngapi, damu kiasi gani, safari ngapi za kliniki, kwa miezi mingapi.

Madhara gani yameshaonekana kwa waliotumia dawa hii?

Nikiumia kwa sababu ya utafiti, nani atanitibu, na nani atalipa? Jibu la swali hili liwe limeandikwa kwenye fomu. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Nani atajua kwamba nimeshiriki, na jina langu litafichwa vipi?

Utafiti ukiisha na dawa ikaonekana inanifaa, nitaendelea kuipata? Wengi husahau swali hili, nalo ndilo litakalokuuma baadaye. Mgonjwa wa moyo hutumia dawa miaka mingi. Utafiti unaweza kuisha baada ya mwaka mmoja.

5. Elewa bahati nasibu kabla ya kuikubali

Tafiti nyingi huwagawa washiriki katika makundi kwa bahati nasibu, kama kurusha sarafu. Kundi moja hupata tiba mpya. Jingine hupata tiba ya kawaida, au tiba ya kawaida pamoja na plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Huchagui kundi. Daktari naye hachagui. Mara nyingi hata yeye hajui uko wapi mpaka mwisho.

Hii ndiyo njia ya kuzuia upendeleo. Daktari angechagua mwenyewe, angeweza kuwapa dawa mpya wale wenye nguvu na kuwanyima waliodhoofu, na matokeo yangedanganya.

Jiulize swali moja: "Nikiangukia kundi lolote kati ya haya, nitaridhika?" Kama kuna kundi ambalo huwezi kulikubali, usiingie. Kuingia kwa matumaini ya kupata kundi fulani ndiko kunakowafanya watu watoroke katikati.

6. Fuatilia damu na makohozi yako

Sampuli hukaa muda mrefu kuliko kumbukumbu yako. Uliza zitahifadhiwa wapi, kwa miaka mingapi, kama zitapelekwa nje ya nchi, na kama zitatumika kwa utafiti mwingine. Uliza pia kama watapima vinasaba.

Fomu nyingi huwa na visanduku tofauti: kimoja cha kushiriki, kingine cha kuhifadhi sampuli. Unaweza kukubali cha kwanza na kukataa cha pili. Weka alama mwenyewe. Usimwachie mtu akuwekee.

7. Weka hesabu ya pesa wazi

Vipimo na dawa za utafiti hutakiwi kuzilipia. Nauli ya kuja kwenye miadi ya utafiti kwa kawaida hurudishwa. Uliza ni kiasi gani, na inatolewa lini, ili usije ukakopa nauli ya bodaboda kila mwezi.

Ukiona pesa ni nyingi kupita kiasi, simama. Usiuze mwili wako kwa shida ya wiki moja. Na mtu akikudai "ada ya kujiandikisha," huyo si mtafiti.

8. Sema hapana bila woga

Kukataa hakukupunguzii huduma. Daktari wako ataendelea kukutibu, na kadi yako ya kliniki haibadiliki. Sema tu: "Ahsante daktari, nimefikiri, sitashiriki." Hudaiwi maelezo.

Ukisikia hata dokezo kwamba ukikataa utakosa dawa au kitanda, piga ile namba ya kamati ya maadili iliyo kwenye fomu. Iliwekwa kwa ajili ya jambo kama hilo.

9. ICU: amua kama ambavyo mgonjwa angeamua

Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hawezi kukujibu. Hapo ndugu wa karibu huombwa ridhaa kwa niaba yake. Usijiulize wewe unataka nini. Jiulize yeye angesema nini angekuwa amekaa hapo.

Chagueni msemaji mmoja wa familia. Ndugu watano wakimuuliza daktari mambo yaleyale kwa nyakati tofauti, kila mmoja ataondoka na jibu lake na ugomvi utaanzia kwenye korido. Msemaji aulize, aandike, kisha awaeleze wengine.

Wakati mwingine hakuna hata dakika kumi za kusoma fomu. Kwenye FEAST, kamati za maadili ziliruhusu mzazi aliye katika dharura kuelezwa kwa ufupi na kukubali kwa mdomo. Maelezo kamili na saini vilifuata mtoto alipotulia. Utaratibu huo ni halali pale tu kamati inapouruhusu. Kwa hiyo uliza: "Kamati imeruhusu ridhaa ya baadaye?" Na mgonjwa wako akizinduka, dai aelezwe kila kitu. Ana haki ya kuendelea au kujitoa.

Usidhani utafiti wa ICU ni kumsumbua mgonjwa bure. Mwaka 2020, wakati wa korona, utafiti wa RECOVERY nchini Uingereza ulipima dexamethasone, dawa ya bei nafuu iliyokuwapo miaka mingi. Kwa wagonjwa wa mashine ya kupumulia, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Kwa wasiohitaji oksijeni, haikuleta faida. Bila wagonjwa na ndugu waliokubali, madaktari wangebaki wakikisia.

10. Mtoto naye aulizwe

Mzazi au mlezi ndiye anayesaini. Lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa aelezwe kwa lugha yake, na akubali mwenyewe. Mwambie ukweli kuhusu sindano. Mtoto aliyedanganywa mara ya kwanza hatakubali mara ya pili.

Uganda kuna mfano mzuri. Watoto na vijana 818 walioonekana kwenye ECHO, yaani kipimo cha picha ya moyo, kuwa na dalili za mwanzo za moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Jingine halikuchomwa. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Kati ya kila 100 waliochomwa, chini ya mmoja alizidiwa na ugonjwa. Kati ya wasiochomwa, wanane. Kila nambari hapo ni mtoto aliyevumilia miadi, na mzazi aliyempeleka.

11. Ukishaingia, sema kila unachomeza

Siku ya kwanza, tia dawa zako zote kwenye mfuko mmoja uende nazo: za presha, za kisukari, za ARV, za kupanga uzazi, na zile za maumivu ulizonunua duka la dawa. Usitegemee kukumbuka majina.

Taja na mitishamba. Mwarobaini, mlonge, dawa ya unga uliyopewa na shangazi, vyote. Hakuna atakayekucheka. Baadhi ya mitishamba na dawa za maumivu hugongana vibaya na wafarini, na mgonjwa anaweza kuvuja damu.

Una mimba, au unatarajia? Sema mapema. Uko kwenye utafiti mwingine? Sema pia. Kuficha kunaweza kukuumiza, na kunaharibu jibu ambalo wote mnalitafuta.

12. Tunza dawa na kadi ya utafiti

Kadi ya mshiriki ikae pamoja na kitambulisho chako. Ina namba ya simu ya saa 24. Ihifadhi kwenye simu yako na ya mtu unayeishi naye. Ukilazwa hospitali nyingine, kadi hiyo itamwambia daktari unatumia nini.

Usimgawie jirani vidonge vya utafiti, hata mkiwa na ugonjwa mmoja. Vinavyobaki, virudishe. Umesahau dozi tatu? Sema tatu. Muuguzi akihesabu vidonge hakutegi. Anataka kujua kama dawa imeshindwa au haikumezwa.

Andika kila badiliko: tarehe, saa, ulihisi nini, kilidumu muda gani. Mistari miwili inatosha. Kifua kikibana, ukizimia, ukitapika damu au midomo ikivimba, usisubiri miadi. Nenda hospitali mara moja, kisha upige simu ya utafiti.

13. Jiandae kwa vipimo

Kipimo kibovu kinakurudisha hospitali mara mbili. Kwa mambo machache tu utakifanya vizuri mara ya kwanza.

Makohozi: yatoe asubuhi kabla ya kula. Sukutua kwa maji. Vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha kohoa kutoka kifuani. Fanya hivyo nje, penye hewa, mbali na watu. Mate hayafai.

Kupuliza mashine ya mapafu: siku hiyo usivute sigara wala usile ukashiba sana. Uliza mapema kama uache pampu ya pumu saa chache kabla. Ukianza, vuta hewa mpaka mwisho, puliza kwa nguvu zote, na usiache mpaka uambiwe.

Oksijeni ya kidoleni: futa rangi ya kucha. Kama una piko, mwambie muuguzi ajaribu kidole kingine.

Kutembea dakika sita: vaa viatu vya kutembelea. Tembea kwa mwendo wako, lakini usijizuie.

Utafiti wa moyo kushindwa kufanya kazi: jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda msalani, kabla ya chai. Uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, huenda maji yanajaa mwilini. Piga simu siku hiyohiyo.

14. Ukitaka kujitoa, aga

Una haki ya kujitoa siku yoyote, bila adhabu. Lakini usipotee kimya. Piga simu, useme unatoka. Sababu ni mbili. Kwanza, baadhi ya dawa za moyo, na steroidi za mapafu, ni hatari kuziacha ghafla. Daktari atakupunguzia taratibu. Pili, mtu akitoweka, watafiti hawajui kama amepona, amehama au amefariki.

Waulize pia watafanya nini na sampuli na taarifa zako ambazo tayari wanazo. Ukitaka sampuli ziharibiwe, liandike ombi hilo na ubaki na nakala.

15. Dai matokeo

Siku ya kuaga, uliza: "Matokeo yatatoka lini, na nitayapataje?" Acha namba ya simu isiyobadilika. Ni haki yako kujua jibu ulilosaidia kulitafuta, hata kama jibu ni kwamba dawa haikufaa.

Jibu hilo linaweza kumfikia mtu usiyemjua kabisa. Miaka ya 1970, wagonjwa wa TB wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio ya kufupisha tiba. Wakati huo mgonjwa alitumia dawa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Majaribio hayo yalionyesha kwamba dozi yenye rifampisini inaweza kufanya kazi hiyo kwa miezi sita. Miezi sita hiyo ilienea duniani kote.

Kwa hiyo ukiitwa pembeni kliniki, usikimbie na usisaini upesi. Chukua fomu, ipeleke nyumbani, uliza yale maswali saba, kisha amua. Ukisema hapana, isiwe kwa woga. Ukisema ndiyo, shiriki kwa ukweli mpaka mwisho.